Tomcat ilikuwa inawashwa na root, nimeihamishia kwa yuza wa kawaida imegoma

mwanzo_mgumu:

Wakuu heshima kwenu. Nimekabidhiwa seva ya Linux, ya familia ya Debian, ina programu ya mtandaoni ya Java imekaa juu ya Tomcat (seva inayoendesha programu za Java). Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anaingia kama root (yuza mkuu anayeruhusiwa kila kitu), anaenda /opt/tomcat/bin, anapiga startup.sh, imeisha hiyo. Sasa nimeambiwa niitoe kwa root itumie yuza mwenye mipaka yake, jambo ambalo nakubaliana nalo kabisa, ila utekelezaji ndo umenishinda.

Nilitengeneza yuza hivi:

```
useradd --system --user-group --home-dir /opt/tomcat --shell /usr/sbin/nologin webapp
```

Nikazima ile ya root, nikapiga sudo -u webapp /opt/tomcat/bin/startup.sh (yaani iendeshwe kwa jina la webapp), ikaanza kulalamika hapohapo:

```
touch: cannot touch '/opt/tomcat/logs/catalina.out': Permission denied
```

Nikampa webapp folda ya logs, ikasogea kidogo, mbele ikakwama tena:

```
java.net.BindException: Permission denied
```

Hiyo ni porti 80, ile brauza inayoitumia kwa http usipoandika namba (443 ni ya https), maana kwenye server.xml konekta zimewekwa 80 na 443 moja kwa moja, hakuna kitu chochote kimekaa mbele ya Tomcat. Nikiibadilisha iwe 8080 inawaka fresh, lakini watumiaji wamezoea kuandika anuani bila namba yoyote. Na hata ikiwa kwenye 8080 mtu akiapulodi picha inagoma, programu inasema haiwezi kuandika, wakati hiyo folda ya picha nimeshampa webapp na nikipiga ls -ld naona kabisa jina lake pale.

Kwahiyo porti 80 naipataje bila root? Na ruhusa za mafaili zinapangwaje, maana kuna mtu kaniambia nipige tu chown -R webapp /opt/tomcat nimalize kazi. Na swali la mwisho ambalo naona aibu kuliuliza kwa walionituma, hii kweli inasaidia au tunahamisha tatizo? Huyo webapp si bado anasoma paswedi ya database kwenye konfigi, akidukuliwa yeye si data zimeenda vilevile?

bado_najifunza:

Piga chmod -R 777 hiyo folda ya picha mkuu, mimi huwa naponea hapo

logi_haidanganyi:

Hapana jamani, 777 tuiache. Maana yake kila akaunti iliyopo kwenye hiyo mashine, ya database, ya barua pepe, ya yeyote, inaruhusiwa kuandika humo, na ikitokea hiyo folda iko ndani ya webapps ambako Tomcat inasoma JSP (kurasa zenye kodi ya Java ndani) basi umewaruhusu wote hao kuweka kodi yao na Tomcat iiendeshe. Na kwa dalili alizotoa jamaa haitamsaidia hata kidogo, nitarudi hapo.

Porti kwanza. Kwenye Linux porti zote chini ya 1024 zimehifadhiwa, ni desturi ya Unix tangu enzi mashine moja inatumiwa na watu kibao, ilitakiwa ukiunganisha kwenye porti ndogo uwe na uhakika kilichokujibu kimewashwa na msimamizi na siyo na mtumiaji yeyote tu. Siku hizi maana yake imepungua lakini sheria ipo palepale. Kinachotakiwa hasa siyo uwe root, kinatakiwa uwezo mmoja unaitwa CAP_NET_BIND_SERVICE, root anao pamoja na mengine mengi, na unaweza kumpa webapp huo mmoja bila kumpa kingine chochote.

Wengi watakuambia utumie setcap, komandi ya kulibandikia faili uwezo kama huo, kwenye java. Usifanye. Kwanza ukiiwekea java huo uwezo, kila yuza anayeweza kuendesha hiyo java kaupata pia, siyo webapp peke yake. Pili siku ukiapdeti Java faili linabadilishwa na jipya na uwezo unapotea kimyakimya, seva inakuja kugoma usiku wa apdeti na hakuna anayekumbuka kwa nini iliwahi kufanya kazi. Tatu, mara nyingi java ikishawekewa setcap inakataa hata kuwaka:

```
error while loading shared libraries: libjli.so: cannot open shared object file
```

Hapo mtu anahangaika siku nzima akidhani Java imeharibika, kumbe programu yenye uwezo wa ziada inasomwa kwa tahadhari, ile njia ya kutafuta maktaba zake pembeni ya faili lenyewe inapuuzwa kwa makusudi.

Kuna wanaotumia iptables (sheria za mtandao za Linux) kugeuza 80 kwenda 8080, inafanya kazi, ila ukijaribu kutoka kwenye seva yenyewe kwa curl http://localhost utaambiwa imekataliwa, kwa sababu mawasiliano ya ndani hayapiti PREROUTING, hatua ya iptables inayoshughulikia yanayoingia kutoka nje. Si kosa, ni kujua tu usije ukachanganyikiwa.

Mimi ningekushauri weka Nginx mbele, seva ya wavuti inayopokea maombi na kuyapitisha kwa Tomcat. Ile prosesi mama ya Nginx inawashwa na root, inashika 80 na 443, inasoma ufunguo wa cheti cha https, halafu kazi yote ya kuongea na watu inafanywa na prosesi ndogo ambazo kwenye Debian zinatumia www-data. Tomcat inabaki 8080 kwenye 127.0.0.1 tu, haishiki 80 na 443 wala cheti. Na cheti ndo sababu yangu kubwa hasa, maana kama unatumia Let's Encrypt (wanaotoa vyeti vya https bure) folda za /etc/letsencrypt/live na archive zimefungwa kwa root, cheti kinaisha siku 90, sasa Tomcat isiyo root itausomaje ufunguo kila ukibadilishwa? Utaanza kuandika skripti za kukopi ufunguo huku na kule.

mama_kerneli:

Nakubali kuhusu setcap, ila Nginx siyo lazima. Kama ni programu moja na hataki kutunza kitu kingine, systemd (inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux) inatosha, mstari mmoja:

```
AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE
```

Kerneli (kiini cha Linux) inaujua uwezo wa aina hii tangu 4.3, hauwekwi kwenye faili la java, unapewa ile prosesi tu, kwahiyo tatizo la libjli halipo na apdeti haiufuti. Kasoro yake ni kwamba prosesi zinazozaliwa na hiyo Tomcat nazo zinaurithi. Kwa programu ya kawaida sioni kama ni jambo la kukosesha usingizi. Ila hoja ya cheti ni ya kweli, kama 443 ipo, Nginx imeshinda.

Sasa hiyo chown -R webapp /opt/tomcat ndo imenifanya niandike, maana naona imepita kama kitu kidogo na ndiyo makosa makubwa kuliko hiyo porti.

Ukimpa webapp folda yote, umempa na bin/ yenye startup.sh na catalina.sh. Fikiria haka, yaani mdukuzi, kaingia kupitia tundu kwenye programu, anayo akaunti ya webapp, hana root. Anafungua catalina.sh anaongeza mstari mmoja chini kabisa. Halafu anasubiri. Siku yoyote msimamizi aliyezoea mambo ya zamani akiingia kama root apige shutdown.sh, mstari wa haka umeendeshwa na root. Imeisha. Hakuvunja chochote, aliandika kwenye faili lake mwenyewe. Kwahiyo pitia na crontab ya root (ratiba ya kazi zinazojiendesha), kama kuna skripti ya bakapu imekaa ndani ya /opt/tomcat na root anaiendesha kila usiku, ni hadithi ileile.

Na usidhani ni nadharia. Mwaka 2016 vifurushi vya Tomcat vya Debian na ndugu zake vilikutwa na tundu, CVE-2016-1240 (CVE ni namba ya orodha ya matundu ya usalama yanayojulikana). Skripti ya kuwashia ilikuwa inaendeshwa na root, na ikifika kwenye catalina.out inalipiga chown liwe la yuza wa tomcat. Folda ya logi ni ya yuza huyohuyo, kwahiyo anafuta catalina.out anaweka kiungo cha ln -s kinachoelekea kwenye faili la root, kwa mfano /etc/shadow penye paswedi za mfumo, anasubiri huduma irestatiwe, na root mwenyewe anakuja kumkabidhi. Yuza mwenye mipaka akawa root kupitia faili la logi.

Kanuni ninayofuata mimi ni kwamba anayeendesha programu hamiliki programu. Anaisoma tu. Wenyewe Tomcat kwenye maelezo yao ya usalama wanasema hivyohivyo, mafaili yote ya root, grupu la tomcat lisome tu, wengine wasione kitu, isipokuwa logs, temp na work. Kwahiyo:

```
rm -rf /opt/tomcat/work/Catalina
mkdir -p /opt/tomcat/conf/Catalina/localhost
chown -R root:webapp /opt/tomcat
chmod -R u=rwX,g=rX,o= /opt/tomcat
chown -R webapp:webapp /opt/tomcat/logs /opt/tomcat/temp /opt/tomcat/work
```

Hiyo X ni herufi kubwa, siyo bahati mbaya, inaweka ruhusa ya kuingia kwenye folda na kwenye mafaili ambayo tayari yalikuwa ya kuendeshwa, haigusi mengine. Hiyo rm ya work ni kwa sababu humo kuna JSP zilizotafsiriwa enzi za root, zifute, Tomcat itazitengeneza tena. Na hiyo mkdir ni kwa sababu Tomcat ikiwaka inajaribu kuitengeneza yenyewe, ikikosa ruhusa inalalamika kwenye logi na watu wanaogopa bure.

Kitu kimoja kitakushtua, ukiweka WAR (kifurushi cha programu ya Java) kwenye webapps Tomcat haitaweza kuifungua yenyewe, folda siyo yake. Ndo tunachotaka. Fungua wewe kwa akaunti nyingine ya kudiploi, halafu kwenye Host ya server.xml weka autoDeploy="false". Usumbufu upo, lakini haka aliyeingia kupitia programu naye hawezi kudondosha WAR yake humo.

logi_haidanganyi:

Dada kerneli umenena. Naongezea swali la mwisho la mwanzo_mgumu maana ni zuri na watu wanalikwepa. Ndiyo, webapp anasoma paswedi ya database, na akidukuliwa data za hiyo database zimo hatarini, yuza wa Unix hakukingi hapo. Kinachokukinga hapo ni akaunti ya database yenyewe kutokuwa na uwezo wa kufuta majedwali wala kuona database za wengine. Faida ya yuza mwenye mipaka ni kila kitu kingine, hawezi kuweka moduli kwenye kerneli, hawezi kufuta logi za mfumo, hawezi kuinstoo huduma yake ikawa inajiwasha na mashine, hasomi funguo za SSH za watu, hasomi cheti. Desemba 2021 ilipotoka ile Log4Shell mtu wa nje alikuwa anaendesha kodi yake kwenye programu ya Java kwa kutuma maandishi tu yakaingia kwenye logi. Tundu lilikuwa moja kwa wote. Aliyekuwa anatumia root ilibidi aisimike mashine upya kwa sababu huwezi kuiamini tena chochote inachokuambia, mwenye yuza mwenye mipaka alikuwa na sehemu chache za kukagua. Tofauti ya kazi baada ya ajali ni kubwa mno.

mwanzo_mgumu:

Nashukuru sana wakuu, na dada kerneli asante, nimekagua crontab ya root na kweli nimekuta bakapu.sh imekaa ndani ya /opt/tomcat/bin, nimeihamisha. Ruhusa nimepanga kama ulivyoandika. Nginx nimeiweka, 80 na 443 ziko kwake sasa, cheti kimesomwa bila shida.

Bado picha. Folda ni ya webapp, ls inanionyesha, na bado inagoma. Konfigi ya programu inasema picha zinaenda /root/data/picha.

mama_kerneli:

/root 🙂 jibu umeliandika mwenyewe hapo. Piga hii uone:

```
namei -l /root/data/picha
```

mwanzo_mgumu:

```
f: /root/data/picha
drwxr-xr-x root   root   /
drwx------ root   root   root
drwxr-xr-x root   root   data
drwxrwxr-x webapp webapp picha
```

Aaah. Ule mstari wa root wenye drwx------.

mama_kerneli:

Ndiyo. Kufikia faili unahitaji x (ruhusa ya kupita) kwenye kila folda ya njiani, kuanzia / mpaka mwisho. Folda ya mwisho hata ukiipa 777 au 7777 webapp anakomea kwenye /root, ndo maana logi_haidanganyi alisema mapema haitasaidia. Na tafadhali usiifungue /root ili apite, kuna mtu atakushauri hivyo. Hamisha picha. Mahali pa data inayobadilika ni /var/lib, na systemd inakutengenezea yenyewe ukiandika StateDirectory.

Ushaandika faili la systemd au bado unatumia startup.sh?

mwanzo_mgumu:

Bado startup.sh kwa sudo -u. Nilijaribu kuandika unit (hilo faili la systemd) nikaweka ExecStart iwe startup.sh, inawaka sekunde moja inazima yenyewe, logi haina kosa lolote.

nusu_root:

Hiyo ya kuwaka na kuzima, startup.sh inaiachia Tomcat nyuma halafu yenyewe inamaliza, systemd inaona iliyoianzisha imeisha kwahiyo inasafisha kila kilichobaki pamoja na Tomcat yako. Tumia catalina.sh run, hiyo inabaki mbele. Ya kwangu inafanana na hii, badilisha unavyotaka:

```
[Unit]
Description=Programu ya webapp
After=network.target

[Service]
User=webapp
Group=webapp
Environment=CATALINA_HOME=/opt/tomcat
EnvironmentFile=/etc/webapp/siri.env
ExecStart=/opt/tomcat/bin/catalina.sh run
SuccessExitStatus=143
Restart=on-failure
NoNewPrivileges=yes
PrivateTmp=yes
ProtectSystem=strict
ProtectHome=yes
ReadWritePaths=/opt/tomcat/logs /opt/tomcat/temp /opt/tomcat/work
StateDirectory=webapp

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Maelezo ya haraka. ProtectSystem=strict inafanya mfumo mzima wa mafaili uwe wa kusoma tu kwa hii prosesi, isipokuwa ulipotaja, kwahiyo hata ukikosea ruhusa mahali fulani bado kuna ukuta wa pili. ProtectHome inaficha /home na /root kabisa, yaani ungeacha picha kule zingekuwa kama hazipo. NoNewPrivileges inazuia kupanda cheo kwa kupitia sudo au programu yoyote ya setuid (inayoendeshwa kwa ruhusa za mwenye faili). 143 ni namba Java inayotoka nayo ikizimwa kwa SIGTERM (ishara ya kuiomba ijizime), yaani 128 jumlisha 15, usipoiandika kila ukizima vizuri systemd itasema imefeli. StateDirectory=webapp inakupa /var/lib/webapp ikiwa tayari ni ya webapp.

EnvironmentFile inasomwa na systemd yenyewe kabla ya kushuka kuwa webapp, kwahiyo hilo faili la siri liache root:root 0600, webapp hahitaji kulisoma. Thamani zenyewe atakuwa nazo ndani ya prosesi bila shaka, ila faili hatalifikia.

Ukikuta mtu mtandaoni anakuambia uongeze MemoryDenyWriteExecute=yes achana naye, Java inatafsiri kodi ikiwa inatembea na inahitaji kumbukumbu ya kuandika na kuendesha, ukiiweka hiyo haiwaki. Node vilevile. Mistari mingine ya kubana ipo mingi, ongeza mmoja mmoja ukijaribu, wanaokopi ishirini kwa mpigo wakishindwa wanafuta yote.

Na ikigoma usianze kubahatisha, angalia namba ya systemctl status. 217/USER yuza hayupo au umekosea jina. 203/EXEC faili la kuendesha halipo au halina x. 200/CHDIR hawezi kuingia kwenye folda ya kazi. 226/NAMESPACE mara nyingi umetaja njia kwenye ReadWritePaths ambayo haipo.

bado_najifunza:

Swali la pembeni wakuu, mimi webapp wangu nimempa /bin/bash kwa sababu nikipiga su - webapp inaniambia This account is currently not available. Sasa mkimfungia na nologin mnakaguaje kama anaona mafaili?

nusu_root:

Huhitaji shell yake. sudo -u webapp ikifuatiwa na komandi yoyote inafanya kazi hata kama ana nologin, maana sudo haipitii shell yake. Mfano:

```
sudo -u webapp touch /opt/tomcat/conf/server.xml
sudo -u webapp touch /var/lib/webapp/picha/jaribio
```

Ya kwanza inatakiwa igome, ya pili ipite. Kama ya kwanza imepita rudi kwenye ruhusa. Mimi naanza na ile inayotakiwa kugoma, watu wengi wanapima tu kinachotakiwa kufanya kazi.

Halafu mrudishie nologin huyo wa kwako, na kama hana paswedi iache hivyohivyo.

mwanzo_mgumu:

Imewaka kwa systemd 🙏 picha nimehamishia /var/lib/webapp/picha, zinaandikika. Naithibitishaje kwamba kweli imetoka kwa root na haijabaki na chochote? Na je nimpe webapp sudo ya kurestati huduma, kwa sababu mwenzangu anayediploi hataki kila mara aniite.

mama_kerneli:

Tafuta namba ya prosesi halafu:

```
ps -o user,pid,args -C java
grep -E '^(Uid|CapEff)' /proc/NAMBA/status
```

Kwenye Uid (namba ya yuza, ya root ni 0) usione 0 popote kati ya namba nne. CapEff (uwezo wa ziada prosesi iliyonao) iwe sifuri tupu kwa sababu umetumia Nginx. Ungetumia AmbientCapabilities ungeona 0000000000000400, hiyo ni ile ya porti peke yake. Ukiona herufi nyingi za f, bado ni root au kuna kitu kimekaa vibaya.

Sudo kwa webapp hapana kabisa, na NoNewPrivileges ingeikataa pia. Mpe mwenzako, kwa akaunti yake ya kudiploi, komandi moja iliyoandikwa nzima:

```
deploy ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart webapp.service
```

Ihariri kwa visudo. Usiweke nyota, na usiongeze status kwenye hiyo orodha. Status inafungua less (programu ya kusomea maandishi), na ndani ya less mtu anaandika !sh anapata shell ya root. Systemd za kabla ya 247 hazikuwa zinalizuia hilo ipasavyo, ina CVE yake, CVE-2023-26604. Kuangalia status hakuhitaji sudo hata hivyo, na logi za journal (za systemd) unamwingiza kwenye grupu la systemd-journal anasoma bila root.

Kingine, logrotate, ile inayozungusha mafaili ya logi yasijae. Folda ya logs sasa ni ya webapp, kwahiyo kwenye konfigi yake weka su webapp webapp ili izungushe kwa jina la webapp badala ya root. Kumbuka kisa cha catalina.out hapo juu.

logi_haidanganyi:

Na kama kuna anayekumbuka limits.conf, mkuu, ile haisomwi kwa huduma za systemd, ile ni ya watu wanaoingia kwa PAM (mfumo wa Linux wa kuhakiki anayeingia). Ukihitaji mafaili mengi yafunguliwe kwa pamoja weka LimitNOFILE kwenye unit.

mwanzo_mgumu:

Uid ni 998 zote nne na CapEff ni sifuri tupu. Nimeriboti mashine imewaka yenyewe.

Yamebaki mawili yanazingua. Picha ndogo zinapita, kubwa mtu anapata 413 (ombi kubwa mno). Na mtu akishaingia programu inamrudisha kwenye http badala ya https, pia kwenye logi za programu watumiaji wote wanaonekana wanatoka 127.0.0.1. Haya hayakuwepo enzi za root.

logi_haidanganyi:

Hayahusiani na root, ni kwa sababu sasa kuna Nginx katikati. 413 ni ya Nginx, kiwango chake cha kawaida ni mega 1 kwa kila ombi, panua kulingana na picha zenu:

```
client_max_body_size 20m;
```

Hilo la pili, Tomcat inaongea na Nginx tu kwahiyo kwa macho yake kila mtu ni 127.0.0.1 na kila kitu ni http. Upande wa Nginx:

```
location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
}
```

Na kwenye server.xml ndani ya Host:

```
<Valve className="org.apache.catalina.valves.RemoteIpValve"
       protocolHeader="X-Forwarded-Proto" />
```

Ukiwa humohumo hakikisha Connector ya 8080 ina address="127.0.0.1", la sivyo mtu wa nje anaikwepa Nginx na anaingia moja kwa moja kwenye 8080.

mwanzo_mgumu:

Address haikuwepo, nimejaribu kutoka nje kwa 8080 na kweli ilikuwa inafunguka. Nimeweka, sasa hivi inakataa. Https imekaa sawa na anuani za watu zinaonekana. Picha ya mega 6 imepita.

bado_najifunza:

Mimi ndo naanza kutoa 777 zangu. find / -xdev -type d -perm -0002 imenitolea orodha ndefu, kuna na /tmp, nayo niifunge?

nusu_root:

Hapana! /tmp na /var/tmp ziache, hizo ni 1777, ile 1 ya mbele inazuia mtu kufuta faili la mwenzake. Tafuta zisizo nayo:

```
find / -xdev -type d -perm -0002 ! -perm -1000
```

Zitakazotoka hapo ndo za kushughulika nazo.